Nilipojificha Nyuma ya Utani

Kikundi chetu cha picha hapa Ifakara kilikaribia kufa kwa sababu ya adabu. Wengine huvunjika kwa ugomvi, sisi tulikuwa tunavunjika kwa kuheshimiana. Tulikuwa watu kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaishi kwa kupiga picha. Mimi ni bwana shamba. Katibu wetu ni dada mwenye duka la stationari, na ndiye aliyekuwa anatuchapia picha. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Waliobaki walikuwa wauguzi, wauza mchele, na dereva mmoja wa bajaji aliyekuwa akichelewa kila kikao na kila mara akisingizia abiria.

Kila Jumamosi alasiri tulikutana kwenye darasa la kuazima la shule ya msingi. Tulifunga kamba ya katani kutoka dirisha moja hadi jingine, tukatundika picha zetu kwa vibanio vya nguo, halafu tukazipitia moja baada ya nyingine. Kanuni ilisema kila mtu aeleze anachokiona kwenye picha ya mwenzake: kilichofaa, kisichofaa, na namna ya kurekebisha. Kwa maandishi ilikuwa kanuni nzuri sana.

Kwa vitendo, kila mtu alisema "hongera". Muuguzi mmoja alileta picha ya ngoma ya harusi ambayo huwezi kujua nani bibi harusi na nani spika. Tukamwambia hongera, umejitahidi. Mzee mmoja alileta picha ya mjukuu wake, nusu ya sura ya mtoto imezibwa na kidole cha huyo huyo mzee. Hongera, mzee wetu. Ungemwambiaje? Umeingia darasani, umemwamkia shikamoo, amekuitikia marahaba kwa sauti ya upole, halafu dakika kumi baadaye unamwambia kidole chake kimeharibu picha? Kwenye kundi la WhatsApp hali ilikuwa hiyo hiyo. Picha ikiingia, makofi yanamwagika, hata kutoka kwa watu ambao simu ilionyesha hawajaifungua.

Mimi jambo hilo lilinichoma, kwa sababu kazi yangu imenizoesha kinyume chake. Nikifika kwenye jaruba la mpunga sioni kijani. Naona jani moja la njano kule pembeni, na siwezi kuondoka mpaka nimemwambia mwenye shamba. Mke wangu husema hata sahani ya wali naianza kwa kutafuta kijiwe. Ni kweli, na mara nyingi hukipata. Basi kukaa darasani saa mbili nikisikiliza hongera ilikuwa kama kufungwa kitambaa mdomoni, na nilikuwa narudi nyumbani nimekasirika bila mtu kunikosea.

Mwaka mmoja picha tuliyoipeleka kwenye mashindano ya mkoa ilitundikwa pembeni ya mlango wa choo. Mwenyekiti alikwenda Morogoro kuiona, akarudi kimya. Jumamosi iliyofuata akasimama mbele yetu na kusema tumedanganyana vya kutosha. Kisha akatoa wazo ambalo hadi leo naona lilikuwa la akili, hata baada ya yote niliyoyafanya nalo.

Alisema tuwatumie watani. Mtu anayeishi kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Mpogoro kama mimi na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana, na sisi wajukuu tumebaki tunachokozana. Mtani anaweza kuja msibani kwako akajilaza kwenye jamvi katikati ya waombolezaji, akadai hasimami mpaka apewe kuku, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, watu watakushangaa wewe badala yake. Mwenyekiti akasema kama mtani anaruhusiwa kusema chochote mbele ya jeneza, atashindwa nini mbele ya picha? Kuanzia siku hiyo, picha ya mtu itasemwa kwanza na mtani wake. Katibu akachukua daftari la wanachama, akasoma majina ya ukoo, akapanga. Msukuma kwa Mzaramo, Mhehe kwa Mngoni, na wale ambao hawakuwa na mtani ndani ya kikundi wakapewa mwenyekiti.

Ikafanya kazi. Wiki ya kwanza dereva wa bajaji, ambaye ni Mngoni, aliitazama picha yangu ya ng'ombe wa kulimia na kusema, "Hawa ng'ombe wanaonekana wana akili kuliko aliyewapiga. Ona, wamesimama wima, yeye peke yake ndiye ameinama." Tulicheka mpaka mlinzi wa shule akaja kuchungulia. Lakini nilipofika nyumbani niliitazama tena, na kweli ardhi yote ilikuwa imelala upande kama mtumbwi unaoingiza maji. Tangu siku hiyo sijapiga picha bila kuangalia kwanza kama nimesimama sawa. Hongera mia moja zisingenifundisha hilo.

Basi tukafika msimu wa mashindano mengine. Kila kikundi kilitakiwa kupeleka picha moja tu, ikatundikwe Morogoro mjini wiki nzima watu wapite waione. Nilikuwa nimekaa kwenye kikundi miaka minane na picha yangu haikuwahi kuchaguliwa hata mara moja. Mwaka ule nilikuwa nimeamua. Nilikwenda Kiberege, nilikozaliwa, asubuhi nne mfululizo, nikasimama barabarani nikisubiri jua litoke liangaze milima. Siku ya nne nikaipata: majaruba yamejaa maji, miche imesimama mistari, ukungu umekaa kwenye Udzungwa, mwanga wa dhahabu. Niliipenda picha ile kupita kiasi. Nilishamwambia mke wangu nitavaa shati gani siku ya kwenda Morogoro.

Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amejiunga mama mmoja, mtu mzima kunizidi, mkazi wa Lumemo. Alikulia kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, akafanya kazi huko huko, kisha yeye na mumewe wakahamia huku kulima mpunga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa dawati la nyuma, akasikiliza, akaandika kwenye kijidaftari. Kwa miezi hiyo yote hakuwa ameleta picha hata moja. Jina lake la ukoo lilikuwa la Kingoni, la wazi kabisa, kwa hiyo katibu alikuwa amempanga kwangu.

Jumamosi moja alileta picha yake ya kwanza, akaitundika mwenyewe kwenye kamba. Nikasogea kuitazama kabla ya kikao kuanza.

Mwanamume ameketi kwenye kizingiti cha nyumba, ametoka shamba. Ameinama juu ya beseni, anaosha miguu. Mguu mmoja umo ndani ya maji, mwingine ameushika kwa mikono miwili, anautoa tope la jaruba kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemenya kitu. Picha inaanzia kifuani mwake kushuka chini. Kichwa hakimo.

Nimekanyaga majaruba ya bonde hili zaidi ya miaka ishirini. Nimewaona watu maelfu wakitoka shambani, na sikuwahi kumwona hata mmoja akiosha miguu, kwa maana ya kumwona kweli. Mimi huvaa buti. Nikimaliza navua, napanda pikipiki, naenda kuandika ripoti. Na hapa mama mmoja, kwa simu, alikuwa amesimama mlangoni kwake na kuona kile ambacho mimi na kamera yangu ya kukopa hatukukiona. Niliisoma ile picha muda mrefu. Nilijua itakwenda Morogoro, na nilijua yangu haitakwenda. Nilichokisikia ni wivu. Sina jina zuri zaidi la kukipa.

Kikao kikaanza. Ilipofika zamu ya picha ile, katibu akasema, "Bwana shamba, mtani wako huyo." Watu wakaanza kucheka kabla sijasema kitu, maana nilishakuwa na sifa ya utani mkali. Nikasimama, nikashika kiuno, nikaitazama picha huku nikitikisa kichwa.

"Jamani," nikasema, "huyu mzee kichwa chake mmekipeleka wapi? Ninyi Wangoni tangu enzi za babu zenu, mkifika mahali tu vichwa vinapungua!"

Darasa likalipuka. Dereva wa bajaji alipiga dawati kwa kiganja. Nilipoona wamecheka, nikaendelea. Nikasema picha ya beseni tunayo, aliyekosekana ni mwenye beseni. Nikasema tukiipeleka Morogoro watatuuliza kama Ifakara bado tunatembea bila vichwa. Sikusema neno lolote kuhusu mikono. Sikusema lolote kuhusu kidole gumba kwenye tope. Kila kicheko kilikuwa kinaisogeza picha ile mbali na Morogoro, na mimi nilikuwa nakihesabu.

Yule mama alitoka dawati la nyuma, akaja mbele bila haraka. Akafungua kibanio, akaishusha picha, akaiweka ndani ya daftari lake ili isikunjike. "Asanteni," akasema. Akatoka nje.

"Mtani kanuna!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka tena. Nilicheka nao. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha mpaka nilipofika kwenye geti la shule. Baada ya hapo furaha ikaanza kuniwasha.

Jioni ile ile alijiondoa kwenye kundi la WhatsApp. Kupiga kura kuchagua picha kulipangwa baada ya wiki mbili. Jumatano mwenyekiti akaja ofisini kwangu kwa baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akakataa kiti.

"Nimempigia yule mama," akasema. "Si Mngoni. Ni Mfipa, baba yake alitoka Sumbawanga kuja kukata miwa. Lile jina ni la mume wake."

Akasubiri niiweke kalamu chini.

"Na yule kwenye picha ndiye mume wake. Amefariki mwaka jana."

Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa la kumlaumu katibu. Kwa nini aliandika watu kwa majina ya ukoo bila kuuliza? Hajui kwamba wanawake huolewa? Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na mwenyekiti alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akapanda baiskeli yake akaondoka. Usiku nikamsimulia mke wangu yale yale, kosa la daftari, kosa la katibu, mtu yeyote angekosea. Yeye alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza bila kuinua uso, "Kwa hiyo angekuwa Mngoni kweli, yale maneno yangekuwa ya haki?"

Nilimwambia aache kunichunguza. Lakini sikulala vizuri, maana jibu nilikuwa nalo. Utani una utaratibu wake. Dereva wa bajaji aliponisema kuhusu ng'ombe, chini ya kicheko kulikuwa na kitu cha kunisaidia, na alikiweka pale makusudi nikiokote. Chini ya kicheko changu mimi hapakuwa na kitu. Nilitaka tu picha ile ishuke kwenye kamba, na utani ukanipa mahali pa kujificha. Hata angekuwa mtani wangu wa kuzaliwa, ningekuwa nimemdhulumu.

Ijumaa nikaenda Lumemo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bodaboda alinishusha mbali kidogo, akisema huko mbele hafiki. Nilitembea na viatu vyangu vya ofisini kwenye tope nikiwa natunga maneno, kila niliyotunga yakawa marefu mno. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karibu na jiko, anapeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Vuta hicho kiti."

Hakuonyesha kushangaa. Alinimiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa, akaendelea kupeta. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Nikamweleza lile jambo la majina, nilivyodhani yeye ni mtani wangu, na kwamba ningejua nisingefungua mdomo.

"Mume wangu ndiye alikuwa mtani wako," akasema. "Na angekuwepo angekujibu. Angekwambia mambo ambayo ungetafuta njia ya kutokea. Alikuwa na mdomo yule." Akatabasamu kidogo, kwa ajili yake na siyo kwa ajili yangu. "Mimi sina cha kukujibu. Kwetu hatutaniani na ninyi. Nilipokuwa nasikia wale watu wanacheka, sikujua nishike wapi."

Nikainamia kikombe. Akaniambia habari za picha ile bila mimi kumuuliza. Mumewe hakupenda kupigwa picha akiwa na tope usoni. Alimwambia asimpige sura. Basi yeye akampiga anachokifanya, kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa anamwona akifanya hivyo kila jioni, mguu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, na siku ile alijikuta tu anataka kuihifadhi. Miezi minne baadaye akaugua. Picha nyingine iliyobaki ya siku za karibuni ni ile ya kitambulisho, na mama alisema kwenye ile mumewe amekaa kama mshitakiwa.

Kisha akauweka ungo chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Hebu niambie. Picha ilikuwa mbaya?"

Ningeweza kusema chochote. Ningesema ni ya kawaida, ina hili na lile, angeniamini, na mimi ningebaki na msamaha wangu na nafasi yangu ya Morogoro pia. Niliisikia kabisa sentensi hiyo ikija. Lakini tayari nilikuwa nimekunywa chai ya watu.

"Ilikuwa nzuri kuliko yangu," nikasema. "Nilijua kabla sijasimama. Nilitaka isiende, ili yangu iende."

Kuku walikuwa wanazunguka wakisubiri chenga zidondoke, naye akawarushia kidogo. Halafu akanyoosha mkono.

"Hebu na mimi niione yako."

Nikamfungulia kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akaipeleka kushoto, akaileta kulia, akaikagua jaruba kwa jaruba. Nilikuwa nasubiri hongera. Naona aibu kuandika hivyo, lakini hata pale, baada ya yote hayo, nilikuwa nasubiri hongera.

"Nzuri," akasema. "Ningeweza kuitundika ukutani. Lakini Januari ningeitoa, nikaweka kalenda nyingine."

Nilitaka kumwambia nilikwenda asubuhi nne. Nilitaka kumweleza habari ya mwanga na ukungu.

"Ulisimama wapi?" akauliza.

"Barabarani."

"Inaonekana."

Hakuna aliyewahi kunisema kwa maneno machache hivyo, na bila kucheka, na bila kukosea. Kulikuwa na mtu aliyepanda miche ile mistari kwa mistari, na mimi sikumjua, wala sikushuka barabarani kumtafuta. Ningejua kukwambia ile ni mbegu gani. Nisingejua kukwambia shamba ni la nani, na hapo ni kijijini kwetu. Hasira yangu ilichemka, halafu ikaisha yenyewe kwa kukosa mahali pa kushikilia. Nikamshukuru. Sauti yangu haikuwa ya mtu anayeshukuru, lakini nilimaanisha.

Nikamwomba arudi Jumamosi ya kura, alete picha yake. Alichukua ungo tena, akapeta mara mbili tatu.

"Unajua kinachonisumbua?" akasema. "Ulinisema mbele za watu. Kuomba msamaha umekuja jikoni kwangu."

Sikuwa nimeliona hilo. Katika tope lile lote, nikitunga maneno, nilikuwa nimejiona jasiri.

"Nitakuja," akasema. "Nitakaa nyuma na picha yangu. Hicho ulichoniambia hapa, ukakiseme pale. Ukisema, nitaitundika wapige kura. Usiposema nitarudi nayo nyumbani, na wala sitakuwa na ugomvi na wewe. Chai imepoa, ngoja nikuongeze."

Wiki iliyofuata nilifanya kazi zangu zote vibaya. Nilimwambia mkulima mmoja aweke mbolea aliyokwisha kuiweka. Nilijiambia labda mvua itakuwa kubwa kikao kiahirishwe. Jumamosi mvua ilinyesha kweli, na watu wote walikuja, hata dereva wa bajaji aliwahi. Yule mama aliingia na mwavuli, akakaa dawati lake la nyuma, daftari mapajani. Picha nyingine zote zilikuwa kwenye kamba, yangu katikati, mahali pazuri kabisa. Nilikuwa nimeitundika hapo mwenyewe.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kura. Nikasimama.

"Nina neno kuhusu picha ya mama," nikasema. "Ile niliyoisema wiki mbili zilizopita. Niliisema vibaya kwa sababu niliionea wivu."

Wakacheka. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kimya, kwa minong'ono, hata kwa kuzomewa, lakini wao walicheka kicheko kile kile cha siku ile, cha kirafiki, cha kunisubiri nimalizie. Dereva wa bajaji akapaza sauti, "Mpogoro leo kaja na mbinu mpya!"

"Sitanii," nikasema. "Picha ile ni nzuri kuliko yangu, na nilijua. Niliwachekesha ili msiitazame."

Wakacheka zaidi. Katibu alikuwa anajifuta machozi kwa kona ya kitenge. Nilimwona mama kule nyuma. Yeye hakucheka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya daftari, anasubiri kuona kama nitakaa. Na ningeweza kukaa. Nilikuwa nimeshasema, mara mbili, kwa sauti, mbele za watu. Nani angenidai zaidi? Wangenipigia makofi, na kila mmoja angekwenda nyumbani akijua kwamba bwana shamba ni mcheshi.

Nikatoka kwenye dawati langu, nikaenda kusimama mbele, chini ya kamba. Nilitafuta maneno, mimi ninayesimama mbele ya wakulima mia mbili bila karatasi.

"Yule mzee kwenye picha ni mume wake," nikasema. "Ni marehemu. Mimi si mtani wake, ni mtu tu niliyetaka kwenda Morogoro. Nilimtania mjane kuhusu kichwa cha mumewe, nanyi mkanisaidia kucheka. Naomba msinisaidie tena."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua mtu mmoja mmoja, kama wanaotoka chumbani, mpaka ikabaki mvua kwenye mabati. Dereva wa bajaji alikuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa alivua kofia yake akaishika mkononi. Katibu alilifunga daftari la wanachama. Nilimgeukia mama, nikasema, "Nisamehe, mama."

Alinyanyuka. Akapita katikati ya madawati, na watu wakavuta miguu yao kumpisha. Akatoa picha kwenye daftari, akachukua kibanio, akaitundika kwenye nafasi iliyokuwa wazi mwishoni mwa kamba. Watu wakasogea kuitazama, na mara hii hakuna aliyesema hongera.

"Haya, bwana shamba," akasema. "Uliyesema kwanza siku ile, anza wewe. Iseme."

Nikaisogelea. Nikamwambia mikono ile ndiyo picha, na kwamba asiiguse wala asiikate popote. Nikamwambia kosa ni moja tu. Imechapwa na giza kupita kiasi, hivyo ngozi na tope vimekuwa rangi moja, na mtu wa mbali hataona kidole gumba kinavyofanya kazi. Aichape upya yenye mwanga zaidi kidogo. Tope litabaki tope, na mguu utatoka.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Aliinama karibu na picha, akaikagua pale nilipoonyesha, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli," akasema. "Mimi mwenyewe ilikuwa inanisumbua, nikashindwa kujua ni nini. Ndiyo maana niliileta."

Akaifungua kwenye kibanio, akanigeukia.

"Hili ulikuwa nalo siku ile?"

"Nilikuwa nalo, mama."

"Ukanipa lile lingine," akasema, na akampelekea katibu picha akaichape upya.